Mzizi Uliopinda wa Namkunda

Hapo zamani, milimani Upare, homa ilikuwa na dawa moja, na dawa hiyo ilikuwa na bandia nyingi. Dawa ni mzizi wa mtuliza. Bandia ni mzizi wowote uliopakwa masizi.

Watu walikunywa, wakasifu, wakazikwa.

Mfumwa, mtawala wao, akatangaza: "Atakayetulinda na bandia, kigoda cha lango la soko ni chake, yeye na wanawe."

Mbonea akasimama langoni. Akasema mtuliza halisi ni mweusi, umenyooka, umekauka. Unaopita aliuchoma alama ya moto. Mganga Nakijwa akakaa penye chungu cha dawa. Mzizi wenye alama aliuonja. Ukiwa mchungu hadi masikioni, aliuchemsha. Usio na alama hakuugusa.

Bandia zikakoma. Watu wakashangilia. Mbonea akazidi kukaza, akakataa huu, akakataa ule, hata soko zima likakosa mtuliza. Watu wakashangilia zaidi: hakuna bandia kabisa!

Ndipo Kiangi, mwana wa pekee wa Namkunda, akashikwa na homa.

Namkunda akachimba mtuliza wake mwenyewe, ulioota kati ya mawe nyuma ya nyumba. Ulikuwa mwekundu, mbichi, umepinda kama mkia wa mbwa. Akaupeleka langoni.

"Mama, huu nini?" Mbonea akacheka. "Rudi nao jikoni ukakoroge uji."

Namkunda akakimbilia kwa Nakijwa. Nakijwa akaulamba, macho yakamtoka.

"Ndio wenyewe, mwanangu."

"Basi chemsha, mama!"

"Alama iko wapi?"

"Mtoto anakufa!"

"Na wale waliokufa kwa chungu changu kabla ya alama? Siwezi."

Njiani Namkunda akakutana na Kirombo, mzee mtengeneza bandia, aliyekosa kazi tangu Mbonea asimame langoni.

"Nionyeshe," akasema. Akaugeuza, akaunusa, akatabasamu. "Nimeuiga huu maisha yangu yote. Sijawahi kuupata mzuri hivi. Lete."

Akaukausha juu ya moto, akaunyoosha kwa mvuke, akaufukiza moshi hata ukawa mweusi. Namkunda akaupeleka langoni.

"Huu sasa!" Mbonea akapaza sauti. "Tazameni, mtuliza ni huu!" Akauchoma alama.

Nakijwa akachemsha. Kiangi akanywa, akatoka jasho, akaomba ndizi.

Kirombo hakuweza kunyamaza. Majigambo yake yakafika kwa Mfumwa. Wote wakaitwa.

"Kigoda ni changu," akasema Mbonea. "Kabla yangu mlikunywa kuni. Tangu nikae, bandia haijapita."

"Kazi yangu imepita," akasema Kirombo.

"Ule haukuwa bandia!"

"Mbona uliukataa?"

Watu wakaangua kicheko.

Nakijwa akasema, "Ni changu. Ulimi wangu haukukosea. Na nilishika sheria hata iliponiuma. Ningeivunja kwa mmoja, kesho mngeniletea mizizi ya uani kwenu nyote."

"Ni changu," akasema Kirombo. "Mwizi gani atanidanganya mimi? Ujanja wote niliwafundisha mimi."

"Ndilo linalonitisha," akasema Mfumwa. Kisha akamgeukia Namkunda. "Mama, aliyepona ni wako. Mwenye kigoda mtaje wewe."

Namkunda akamtazama Mbonea, aliyemcheka. Akamtazama Nakijwa, aliyejua akakataa. Akamtazama Kirombo, ambaye mzizi wake wa zamani ulimzika mumewe. Mgongoni Kiangi alikuwa anatafuna ndizi, na homa ingerudi tena masika.

Akafungua kinywa. Nanyi mnaosikiliza, mngekuwa na mtoto mgongoni, je, mngemtaja nani?