Mkufunzi Kutoka Likawage

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Hawakuwa na maana kwamba kupotea ni jambo tamu. Walichokiona ni kuwa anayepita barabara moja maisha yake yote huijua barabara hiyo tu, lakini aliyewahi kuingia porini akahangaika mpaka akatoka, huyo hujua porini kuna nini, na akimkuta mwenzake amepotea hujua pa kumshika. Benadetha aliyajua maneno hayo tangu darasa la tano. Aliyaandikia insha, akapewa alama nzuri. Lakini maana yake aliifahamu akiwa na miaka thelathini na moja, kichwa chini miguu juu, ndani ya maji ya chumvi.

Alizaliwa Likawage, mbali na pwani, kwenye mashamba ya ufuta na mihogo. Maji aliyoyazoea ni ya kisimani na ya korongo lililofurika wakati wa masika. Alipoolewa na Optatus, dereva wa bodaboda, akahamia Kilwa Masoko, ndipo alipoiona bahari kwa macho yake. Aliitazama kwa heshima na kwa mbali, kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani mwenye pembe ndefu. Baadaye alijiunga na kikundi cha wanawake wanaolima mwani, kwa kuwa kazi hiyo hufanywa maji yakipwa, mtu akiwa amesimama, bahari ikimfika magotini tu.

Miaka ikapita, maji ya pwani yakazidi kuwa ya moto. Mwani ukaanza kulainika na kuoza ukiwa bado kwenye kamba zinazoushikilia majini. Wataalamu wakashauri mashamba yahamishiwe kwenye kina, na mradi mmoja ukakiletea kikundi kayaki nane, vile vyombo vyembamba vya mtu mmoja vinavyoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande mbili. Sharti lilikuwa moja: hakuna mwanamke atakayekwenda kwenye kina kabla ya kufundishwa na mkufunzi mwenye cheti. Mwaka ukiisha bila mkufunzi, kayaki zingepelekwa kwa kikundi kingine. Wanakikundi nao walitaka mkufunzi huyo awe mwanamke mwenzao.

Bi Shamimu, mwenyekiti wa kikundi, mama wa miaka hamsini na sita mwenye sauti nzito na mikono iliyokauka kwa chumvi, alimtaja Benadetha.

"Mimi, Bi Shamimu?" Benadetha aliuliza. "Mimi ni mtu wa bara. Kuogelea kwenyewe sijui."

"Umemaliza kidato cha nne, kitabu utakisoma. Kuogelea utafundishwa. Na wewe ukiahidi jambo hulitupi. Sisi tunataka mtu wa namna hiyo."

Benadetha akajifunga kibwebwe. Mafunzo yalifanywa na Mwalimu Laurenti, mtu mpole aliyetoka Lindi, nayo yalichukua miezi minne. Alikuwapo mwanafunzi mwingine, Ignatius, kijana mzaliwa wa pwani kutoka kikundi kingine, aliyeanza kuogelea kabla hajaota meno yote. Ignatius alikuwa majini kama samaki. Benadetha alikuwa kama kuku aliyenyeshewa, lakini hakukosa hata siku moja. Alijifunza kuogelea. Alijifunza kulishika kafi bila kuchubuka viganja, kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa, kuutambua mkondo kwa kutazama rangi ya maji, na kumvuta mwenzake aliyechoka hadi ufukweni.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Kila mkufunzi lazima aweze kupinduka pamoja na kayaki yake, afungue kile kitambaa kinachoziba tundu la kukalia, ajitoe chini ya maji na kuibuka. Katika mazoezi Benadetha alifanya hivyo mara tatu, macho ameyafumba, Mwalimu akiwa ubavuni pake. Kila alipoibuka moyo wake ulidunda kama ngoma ya mdundiko.

"Uko sawa?" Mwalimu Laurenti alimuuliza.

"Niko sawa, Mwalimu," alijibu mara zote tatu, na mara zote tatu alisema uongo.

Siku ya mtihani mtahini, Bi Dativa, alikuja kutoka Dar es Salaam na daftari lake. Zamu ya Benadetha ilipofika, alivuta pumzi akapinduka. Alikivuta kitambaa, kikafunguka. Baada ya hapo hakujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Aligusa ukingo wa kayaki, akadhani ameshika kitu cha kumzuia asizame, akaung'ang'ania kwa nguvu zake zote. Jaketi la kujiokolea lilimvuta kwenda juu, yeye akajivuta kwenda chini. Alipotolewa na Mwalimu alikuwa amekunywa maji, na vidole vyake vilikuwa bado vimejikunja kama kucha za mwewe.

Ignatius alifaulu siku hiyo hiyo. Benadetha alifeli.

Alirudi nyumbani, akaketi jikoni na nguo zake mbichi. Optatus alimkuta hapo. Alichemsha maji, akayapoza, akamwinamisha kichwa juu ya beseni na kumwosha nywele taratibu mpaka chumvi yote ikatoka. Ndipo Benadetha alipoangua kilio.

"Nimewaangusha wenzangu," alisema.

"Umefeli mtihani, Bena. Waliokutuma hujawaangusha, mpaka siku utakapowaambia hutaki."

Kesho yake Bi Shamimu alipiga hodi. Benadetha alimwamkia kwa sauti ndogo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Bi Shamimu aliketi mkekani. "Nieleze, ulipatwa na nini huko chini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Wote walimwambia asijali, au asiogope. Benadetha alianza kueleza polepole: giza la kijani, masikio yaliyoziba, na ule ukingo alioushika akidhani ndio uhai wake. Bi Shamimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimuuliza Ignatius swali hilo," alisema. "Akanijibu, 'Hakuna kitu, Bibi, unatoka tu.' Sasa mimi nimeingia baharini miaka ishirini na maji hayajawahi kunipita kifuani. 'Unatoka tu' itanisaidia nini? Rudi ukajifunze. Mwaka haujaisha."

Mtihani wa marudio uliwekwa baada ya miezi mitatu. Benadetha alikwenda kwa Mwalimu Laurenti, akapiga moyo konde na kuungama. "Mwalimu, nilikudanganya. Sikuwa sawa hata mara moja."

"Na mimi nilikosea," alisema Mwalimu. "Nilikuuliza swali ambalo jibu lake ni rahisi. Tuanze upya."

Walianza upya kabisa, kwenye maji yaliyofika kiunoni. Mwalimu alimwonesha kosa lake: hofu humfanya mtu ashike kile anachopaswa kukiachia. Benadetha akajifunza kuachia. Kila asubuhi kabla ya kutafuta abiria, Optatus aliegesha pikipiki yake, akakunja suruali na kuingia majini kushikilia kayaki ya mkewe, ingawa yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Alikuwa akihesabu kwa sauti, na Benadetha akiwa chini aliisikia sauti hiyo kwa mbali, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Siku nyingine aliibuka analia. Siku nyingine alikataa katakata, wakarudi nyumbani wakanywa chai. Wiki ya sita alipinduka macho yakiwa wazi. Akauona ukingo ulipo, akauachia, na jaketi likamnyanyua kama mama anavyomnyanyua mtoto.

Siku ya marudio alipinduka akaibuka kama mtu anayeamka usingizini. Lakini mtihani ulikuwa na sehemu ya pili: kumfundisha mtu ambaye hajawahi kupanda kayaki, mpaka naye apinduke na kujitoa mwenyewe, ndani ya saa moja. Bi Shamimu ndiye aliyejitolea kuwa mwanafunzi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kayaki ilipopinduka. Bi Dativa alikuwa ufukweni ameshika saa. Mwalimu Laurenti, aliyekuwa majini kwa usalama, hakuruhusiwa kuingilia isipokuwa kwa hatari. Kayaki ilitulia kifudifudi. Wengine waliona chombo kimelala tu. Benadetha aliona vidole vinane kwenye ukingo, vimekaza hadi vimebadilika rangi.

Hakungoja. Alijitupa majini kutoka kwenye kayaki yake, lakini hakumvuta Bi Shamimu, kwa kuwa alijua kwamba aliyeshika hivyo akivutwa hushika zaidi. Aliifunika mikono ya mama huyo kwa mikono yake mwenyewe, akaipapasa, kisha akaanza kuvifungua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayemwondolea mtoto mkononi kitu asichotaka kukiachia. Mikono ikalegea. Bi Shamimu akaibuka, akikohoa.

"Nirudishe nchi kavu," alisema kwa sauti iliyokatika.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano. Benadetha alijua kwamba mwanafunzi asipojitoa mwenyewe sehemu ya pili haikamiliki, na kwamba mwaka ulikuwa ukielekea mwisho. Alimtazama yule mama anayetetemeka. "Haya, twende," akasema, akamwongoza mpaka maji yalipofika magotini. Bi Shamimu akaketi hapo hapo na mtandio wake uliolowa, Benadetha akaketi kando yake.

"Ulishika ukingo," Benadetha alisema.

"Nilidhani nikiuachia nakwisha."

"Najua. Mimi niliushika hadi Mwalimu akaniumiza vidole. Siku hiyo sikutaka tena kuiona bahari."

Bi Shamimu alimgeukia. "Na mimi nikakwambia urudi. Kumbe nilikuwa nakutuma kuzuri." Wakacheka wote wawili, kicheko chembamba cha watu walioponea chupuchupu. Walikaa. Dakika zikaenda, na Benadetha hakuitazama saa hata mara moja.

Mwishowe Bi Shamimu alipangusa uso. "Twende tena. Lakini ukae karibu."

Alipinduka. Vidole vilishika ukingo, vikasita, vikaachia. Aliibuka mwenyewe, akipepesa macho. Kule ufukweni, saa ilikuwa imepita kwa dakika tisa.

Bi Dativa aliingia majini na viatu vyake. Hakumuuliza Benadetha neno. Alimwuliza Bi Shamimu, "Mama, kesho ungekubali kuingia tena?"

"Nikiwa na huyu?" Bi Shamimu alimwonesha Benadetha kwa kidevu. "Hata sasa hivi."

"Umepitisha muda," Bi Dativa alimwambia Benadetha, "nami nitaandika hivyo, alama za muda zitapungua. Lakini ungemlazimisha kuuwahi muda, ningekufelisha. Alama zilizobaki zinatosha. Hongera, mkufunzi."

Optatus, aliyekuwa amesimama kando ya pikipiki yake, alijifanya anafuta vumbi kwenye taa kwa muda mrefu kuliko taa ilivyohitaji.

Kabla mwaka haujaisha, wanawake kumi na wanne walikuwa wamejifunza, na kamba za kwanza za mwani zikafungwa kwenye kina. Siku moja Ignatius alimfuata Benadetha akiwa na uso wa soni. Wanafunzi wake wawili walikuwa wamekimbia baada ya kupinduka mara moja.

"Dada Bena, mimi nawaonesha vizuri kabisa. Wewe huwaambia nini mpaka wanarudi?"

"Nawasimulia siku niliyofeli," alisema Benadetha.

Ignatius alifikiri. "Mimi sina siku kama hiyo."

"Basi njoo Jumamosi, uwasikilize wenye siku hizo," alimjibu kwa upole, akampa kafi la akiba. Ignatius akaja, akaketi majini pamoja na wanawake, akasikiliza. Naye aliyezaliwa pwani akaanza kujifunza bahari kwa binti wa Likawage, kwani hakika, kupotea njia ndiko kujua njia.