Kaa la Moto Mlangoni kwa Nakijwa

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe acha kumfinya mwenzako. Ni enzi za mababu wa mababu, milima hii bado haijapewa majina.

Basi watu wa bondeni walikuwa wamejenga ovyo, huyu huku, yule kule, mashamba yakabanwa, njaa ikaingia. Wazee wakakata shauri nyumba zisogeleane, ardhi ibaki ya kulima. Na kipimo? Kaa la moto. Litolewe jikoni kwa jirani, libebwe kwenye kigae hadi mlango wa pili. Likifika hai, nyumba ibaki. Likizimika njiani, nyumba ivunjwe, mwenyewe ahamie katikati.

Mwisho kabisa wa bonde alikaa Nakijwa, mjane. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba ile, na wanawe wawili pia. Avunje aende wapi? Mbeba kaa alikuwa Mcharo, na Nakijwa hakumwamini hata kidogo. Mbona anatembea polepole? Mbona kigae kakielekeza kwenye upepo? Mbona anatabasamu? Alimfuata, akamfuata, macho hayabanduki mikononi mwake.

Kaa likazimika hatua kumi kabla ya mlango.

Watu wakaguna. Nakijwa hakulia. Alilichukua lile kaa, akalifikicha, likawa majivu matupu. Gunzi la mahindi, wajukuu zangu! Nani asiyejua kuwa gunzi halikai na moto?

"Umenichezea, Mcharo," akasema.

"Nimebeba nilichopewa," Mcharo akajibu taratibu. "Aliyenitilia ni Kavugha."

Kavugha, jirani yake, shoga yake wa kupeana chumvi tangu usichana. Na wazee walishasema, nyumba ikivunjwa, kiwanja atakilima jirani wa karibu. Hilo Nakijwa alilisahau kwa kumkodolea macho Mcharo.

Akaomba kipimo kirudiwe kutoka jikoni kwake, kwa kaa la mgunga, mti unaotunza moto, alibebe mwenyewe. Wazee wakaridhia. Akatembea, akatembea, akafika kwa Kavugha, kaa bado jekundu. Nyumba ikabaki.

"Ungeniomba pa kulima," Nakijwa alimwambia Kavugha, "ningekupa."

Kavugha akatazama chini. Tangu siku ile hawakuombana moto tena, na njia kati ya milango yao ikaota nyasi.

Kwa hiyo mkija kupanga vijiji vyenu, pimeni kutoka pande zote mbili, na kwanza muulize nani atalima pale mwenzenu atakapong'olewa. Kisa nimekitua hapa jamvini, anayekitaka akibebe.