Theluji ya Dirishani

Kitu kilichoingia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuamriwa. Anayekitaka hupiga magoti, huchafua nguo, na hukubali kuchekwa na waliomo chumbani. Yevgraf Lukich, mchoraji wa kijiji cha Sosnovka, hakulijua hilo, ingawa alikuwa amesomea uchoraji Petersburg na kwa maneno hakuna aliyemweza.

Yevgraf alitamani jambo moja tu: picha yake ya majira ya baridi itundikwe kwenye maonyesho makubwa ya Moscow. Mara mbili aliipeleka, mara mbili akarudishiwa. Wakaguzi walisema theluji yake ni nyeupe kama chumvi, na haimtii mtu baridi. Baba mkwe wake, mzee Pakhom, mtengenezaji wa buti za sufu, alikuwa amechoka kungoja.

"Mkwe, nakupenda kama mwanangu wa kumzaa," alimwambia wakinywa chai. "Lakini ikirudi tena, brashi weka chini. Uje karakanani tupige sufu. Watu hawavai picha."

Yevgraf aliitikia kwa kichwa. Kupiga sufu si aibu, ila kwake yeye kuacha kuchora kungekuwa sawa na kuzikwa akiwa hai.

Basi akaanza kuchora kwa bidii, ameketi kando ya jiko la matofali, akichungulia nje kupitia dirisha. Kioo kiliganda barafu kila mara, naye alikipangusa kwa kiwiko, akapaka rangi nyeupe, akapangusa tena. Mkewe, Glafira, alikuja kuitazama picha akashika kiuno.

"Baba we, hii theluji au unga?"

"Theluji, Glafira. Huoni?"

"Naona unga. Nikitia mayai na maziwa, chapati hizo! Hebu toka nje ukaitazame."

"Nje kuna baridi ya kuua, na koti langu la Petersburg jepesi."

"Si uvae la baba, la ngozi ya kondoo. Na buti zake."

"Mimi? Nivae kama mwendesha gari la farasi? Watu watasemaje?"

"Watacheka. Kwani kicheko kinang'ata?"

Kiburi hakikumruhusu. Kesho yake alitoka na koti lake la Petersburg na viatu vyembamba, shingo juu kama jogoo. Hakumaliza hata mti mmoja. Rangi ziliganda ndani ya mirija, brashi ikawa ngumu kama kijiti, na masikio yakamfa ganzi, hata akiyafinya hasikii maumivu. Alirudi mbio, Glafira akamsugua kwa kitambaa cha sufu mpaka akapiga ukelele. Hapo maji yalikuwa yamezidi unga.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Lete hilo koti."

Glafira hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimvisha koti lenye harufu ya zizi, akamtumbukiza kwenye buti zilizomfika magotini, akamfunga shali yake mwenyewe kichwani, kisha akampaka mafuta ya bata bukini usoni mpaka akameremeta. Mirija ya rangi akaisunda ndani ya shati lake, ilale kwenye joto la ngozi. Yevgraf akatoka akiyumba kama dubu aliyeamshwa kabla ya wakati. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye tundu la barafu mtoni waliweka ndoo chini ili wacheke vizuri.

"Jamani, kumbe Glafira kaolewa na bibi kizee!"

"Na huyu bukini anakwenda wapi kabla hajaokwa?"

Yevgraf alitaka kugeuka arudi. Lakini akaikumbuka karakana, akameza hasira na kuwainamia kwa adabu.

"Ndiyo nakwenda kuokwa na jua, shangazi!"

Wakaangua kicheko kipya, naye akajikuta anacheka pamoja nao.

Alipoketi kwenye gogo ukingoni mwa mto, jua lilikuwa linapanda nyuma ya misonobari. Akaitazama theluji, akasahau kufumba kinywa. Haikuwa nyeupe! Vivuli vya miti vilikuwa buluu, kingo za njia ya sleji, magari ya kuteleza thelujini, zilikuwa na wekundu wa waridi, na penye mabonde palikuwa zambarau kama bilinganya. Alizaliwa ndani ya theluji hiyo na hakuwahi kuiona. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, yakagandia kwenye mafuta ya bukini. Akatoa mrija kifuani, akakamua, akapaka, akaurudisha, akatoa mwingine. Alifanya hivyo kila asubuhi hadi ikafika wiki ya chapati, inayotangulia mfungo wa Kwaresima.

Moscow wakaipokea picha. Mzee Pakhom hakuamini, akafunga safari pamoja na Yevgraf na Glafira akajionee. Ukumbi ulikuwa na joto, watu wote wamevua makoti. Mzee alisimama mbele ya picha, Yevgraf nyuma yake. Mzee akainua kola ya shati. Akasugua masikio. Mara akageuka na kuukaripia ukumbi mzima:

"Nani kaacha mlango wazi? Baridi inaingia!"

Glafira alicheka hata akashika ukuta. Ndipo mzee alipotambua, naye akacheka, akamkumbatia mkwewe mbele za watu.

"Sufu nitapiga mwenyewe, mwanangu," alisema. "Wewe kachore."

Tangu siku hiyo Yevgraf hakuona haya kunuka kondoo, kwani ameyaona kwa macho yake: mtaka cha mvunguni sharti ainame.