Wimbo wa Mlinzi Mwenye Njaa

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia vizuri. Nusu yenu mna chakula mdomoni. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Macho?

Tunayo!

Masikio?

Tunayo!

Na tumbo?

Limejaa!

Wifi Zena, hapo sikukusikia. Lako limejaa? Ati "nitakula baadaye". Haya, nimesikia. Watoto, mshuhudie, mama yenu kasema baadaye. Sasa nyamazeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi nanyi, palikuwa na ukoo wa nguchiro. Nguchiro mnawajua. Mnyama mdogo, mgongo mrefu, hatulii mahali pamoja. Walikaa ndani ya kichuguu cha zamani. Mchwa wenyewe walishakihama.

Kila asubuhi ukoo ulitoka kutafuta panzi majanini. Lakini mmoja alibaki juu ya kichuguu. Huyo ndiye mlinzi. Kazi yake ilikuwa kumwangalia mwewe, na kuimba. Wimbo wenyewe ulikuwa hivi, nanyi mtaniitikia:

Pii, pii, niko macho.
Kuleni, kuleni, niko macho.

Nguchiro akichimba kichwa kiko chini, haoni angani. Anasikia tu. Akisikia wimbo, anakula. Wimbo ukikatika, purrr! shimoni. Haulizi kitu. Na mlinzi hali mpaka kivuli cha kichuguu kifike kwenye jiwe jeupe. Hapo hupanda mwingine, na wa kwanza hushuka akale. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

Katika ukoo huo alikuwamo mama mmoja, jina lake Kidawa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu. Na alikuwa na macho, jamani! Mwewe akiwa mdogo angani kama punje ya mtama, Kidawa keshamwona.

Basi macho hayo yakawa balaa lake.

Kivuli kikafika kwenye jiwe jeupe. Ilikuwa zamu ya binamu yake, Makame. Makame akaja akichechemea.

"Dada Kidawa, nimechomwa na mwiba. Nishikie zamu."

"Haya, Makame."

Kesho yake ilikuwa zamu ya jirani. "Kidawa mwenzangu, wewe una macho. Nishikie." Haya. Kesho kutwa mwingine. "Kidawa, kwako najisikia salama." Haya. Kila mtu akamsifu, na kila mtu akashuka kwenda kula. Mwiba wa Makame ukahama mguu wa kulia, ukaenda wa kushoto, ukarudi wa kulia. Hakuna aliyeuona.

Kidawa akakonda. Mbavu zikahesabika. Siku ya sita akamwendea mkuu wa ukoo, Bi Mize.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshuka?"

"Nina njaa. Naomba nikale kidogo, ndipo nipande."

Bi Mize akamtazama. Hakuwa mbaya, Bi Mize, msimchukie. Alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo.

"Ukale? Na watoto wetu? Kidawa, wewe si mbinafsi. Usianze leo."

Kidawa akaona haya mpaka puani. Akajiambia, kumbe mimi ni mbinafsi na sikujua. Akapanda tena, tumbo likamlilia, naye akaimba. Tuimbe naye:

Pii, pii, niko macho.
Kuleni, kuleni, niko macho.

Athumani, kaka yangu, imba na wewe. Sahani haitakimbia.

Siku ya saba jua likawaka. Kidawa akaimba. Kope zikawa nzito. Akaimba. Kichwa kikaanguka, akakiinua. Akaimba. Na sasa sikilizeni jambo la ajabu. Macho yakafumba, lakini mdomo haukunyamaza! Mdomo ulishazoea. "Pii, pii, niko macho," na macho yamefungwa. Kule majanini wote wanakula kwa raha. Wimbo si huo unasikika?

Vuuup! Mwewe akashuka.

Akamkamata nani? Tunu. Akamshika mguu, akamnyanyua. Tunu akalia "Mamaaa!" Dada yake Kidawa, Mashavu, alikuwa karibu. Akaruka, akamng'ata mwewe kidole, ng'wa! Mwewe akaachia. Tunu akaanguka, pu! Mguu umechanika.

Wote wakamzunguka Kidawa.

"Uliimba! Tumekusikia ukiimba!"

"Niliimba," akasema Kidawa.

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Uliimbaje kwamba uko macho?"

"Sijui," akasema Kidawa. "Sijui niliimba nini." Akalia.

Bi Mize naye akachanganyikiwa. Alikuwa amemwambia mwenyewe asile, na yaliyotokea ameyaona. Akazunguka kichuguu mara tatu. Kisha akapandisha sauti.

"Basi! Nilikosea. Kuanzia kesho, kila mtu ajitunze mwenyewe kwanza!"

Makame ndiye aliyepiga vigelegele. Tangu lini mwanamume akapiga vigelegele? Siku hiyo alipiga, na mwiba ukapona papo hapo.

Kesho yake zamu ilikuwa ya Makame. Akapanda. Akaimba "Pii, pii". Panzi mmoja mnene akapita chini, tik, tik, tik. Makame akamtazama. Panzi akamtazama Makame.

"Kila mtu ajitunze," akasema Makame. Akashuka.

Akamla yule. Akamwona mwingine, akamla. Akafika kwenye kivuli cha mkwaju, akajinyoosha, akalala. Juu ya kichuguu hapakuwa na mtu.

Wimbo ukakatika.

Purrr! Ukoo mzima shimoni, wakikanyagana.

"Mwewe yuko wapi?"

"Sijamwona!"

"Nani yuko juu?"

"Makame!"

"Makame hayuko!"

"Basi nani kanyamaza?"

Mmewahi kusikia swali kama hilo? Ndivyo walivyochanganyikiwa. Ndipo Kidawa akauliza, "Tunu yuko wapi?"

Tunu hakuwamo. Mguu mbovu haukumfikisha. Alikuwa amejibanza chini ya fungu la majani makavu, nje kabisa. Wakasikia sauti yake nyembamba. "Mama, niko huku. Nije?"

Kidawa akatoka, akapanda juu ya kichuguu. Tangu jana hakutia kitu mdomoni, kwa aibu na kwa kumuuguza mwanawe. Akaangalia angani, akaona mwewe wawili. Akapepesa, wakawa wanne. Akapepesa tena, hakuna hata mmoja. Yupi wa kweli? Hakujua. Mama mzima, mwanawe pale anamwona, na hajui amwambie nini. Akimwambia njoo, labda anampeleka kwenye kucha. Akimwambia kaa, labda anamwacha aliwe.

Akafanya nini? Mnadhani alikufa pale juu akiimba? Thubutu!

Akaita, "Mashavu! Panda ushike hapa!"

Mashavu akapanda. Kidawa akashuka. Akaanza kuchimba mlangoni pale pale. Akapata panzi. Akala.

Wote wakapiga kelele. "Kidawa! Mtoto yuko nje wewe unakula?"

Kacha, kacha, kacha.

"Mama gani huyu! Mbinafsi!"

Akapata wa pili. Machozi yanamtoka huku anatafuna. Kacha, kacha, kacha. Msidhani alisikia utamu. Hakusikia ladha yoyote.

Mashavu akaita kutoka juu, "Dada, naona anga tupu! Tunu aje?"

"Bado!" akasema Kidawa, mdomo umejaa. "Asitoke bado!"

Akala wa tatu. Akameza. Akavuta pumzi. Akapanda, akakaa kando ya Mashavu, akaangalia upya.

Angani hakukuwa na mwewe, ni kweli. Kidawa akashusha macho taratibu, akakagua miti, tawi kwa tawi. Kwenye kisiki kikavu, rangi moja na kisiki, mwewe ametulia kimya anamngoja Tunu atoke. Mashavu hakuwa na macho ya kumwona pale. Kidawa alimwona, na alikuwa mmoja tu.

Akaanza kuimba, safari hii kwa ajili ya mtu mmoja:

Pii, pii, niko macho.
Tulia, Tunu, niko macho.

Tunu akatulia. Mwewe akangoja. Mwewe akachoka, akageuza shingo kujichokoa bawa.

"Sasa, Tunu! Njoo!"

Tunu akaja kwa miguu mitatu, tipi tipi tipi. Mwewe akageuka, vuuup! Tunu akaingia shimoni, na kucha za mwewe zikakwangua udongo wa mlangoni. Alama mpaka leo zipo.

Wakashangilia, wakalia, wakashangilia tena. Ndipo Makame akatokea, tumbo mbele, anacheua.

"Kuna nini?"

Wakamrukia wote, kila mmoja akimsimulia yaliyotokea. "Makame! Umeacha zamu ukaenda kula!"

Makame hakutikisika. "Kwani Kidawa hakula? Nimeambiwa kala panzi watatu, mwanawe yuko nje. Yeye mnamshangilia. Mimi nimejitunza, mnanitukana. Tofauti iko wapi?"

Wakatazamana. Huyu kala, na yule kala. Huyu kashuka, na yule kashuka. Hata mimi niliposimuliwa mara ya kwanza, nilikwama hapo hapo, nikamuunga mkono Makame, Mungu anisamehe. Ninyi mnasemaje? Hamsemi. Wakubwa nao wameinama.

Kidawa akamsogelea Makame. Hakupiga kelele.

"Makame, ulipokwenda kula, kichuguu ulimwachia nani?"

Makame akakuna sikio. "Sikuuliza."

"Mimi nilimwachia Mashavu. Na uliposhiba, ulirudi?"

Makame akaangalia tumbo lake, kana kwamba jibu liko humo.

"Mimi nilirudi," akasema Kidawa. "Nilikula ili nirudi."

Bi Mize akainamisha kichwa. "Siku ile uliponiomba ukale," akasema, "nilikuita kwa jina lisilo lako. Nisamehe, mwanangu."

Tangu siku hiyo desturi ikabadilika. Mlinzi hapandi mpaka ale panzi watatu, mbele ya watu. Hashuki mpaka mwenzake aanze kuimba, sauti mbili zisikike pamoja, ndipo ya kwanza inyamaze. Makame akapewa zamu ya jua la utosini, na Bi Mize akamkagua miguu yote minne, mmoja mmoja.

Wiki haikuisha, jirani akaja. "Kidawa mwenzangu, nishikie zamu."

Moyo ukamdunda Kidawa, dudu, dudu. Neno lenyewe alikuwa hajawahi kulisema.

"Leo siwezi," akasema. "Nimechoka."

Akangoja mbingu zianguke. Hazikuanguka. Jirani akasema, "Haya," akapanda mwenyewe. Kidawa akalala kivulini na Tunu, akasikia mtu mwingine anaimba.

Mafunzo ya hadithi hii nayasema wazi, asije mtu akasema hakuelewa. Anayekula na kuwaacha wenzake bila ulinzi ni mbinafsi. Anayekula ili apate nguvu, akaacha mahali pake na mtu, akarudi, huyo anajitunza, na msimwite jina baya. Na asiyekula kabisa kwa ajili ya watu, siku moja ataimba amefumba macho, na aumie ampendaye.

Hadithi yangu imeishia hapo, imeingia shimoni na nguchiro, anayeitaka aende akachimbe.

Sasa Wifi Zena, chungu kimebaki na nini? Ukoko tu? Nilijua. Umepakua mara ngapi, na bado umesimama na mwiko mkononi unaniambia utakula baadaye. Athumani, kaka yangu, weka chini hiyo sahani ya tatu. Inuka, umpokee mkeo mwiko.

Kaa, wifi. Kaa hapa karibu yangu. Watoto, mwimbieni mama yenu, asikie kuna mtu mwingine yuko juu.