Ng'ombe Wamehamia kwa Ambakisye

Viwango vipya vilitaka ng'ombe wa maziwa alale pakavu, la sivyo tajiri Mwakalinga asiuze hata kikombe. Banda lake lilikuwa tope tupu. Akamwita mkamuaji wake, Ambakisye.

"Hama chumbani kwako, ng'ombe wangu wanne wakae humo. Wewe utalala bandani."

"Sawa, bosi. Mkaguzi akiuliza, nijibuje?"

"Jibu lolote, bora nipite."

Mkaguzi alipiga goti chumbani, suruali ikabaki kavu. "Safi! Na mkamuaji? Asije akawa analala kwenye lile tope!"

"Nalala kwa bosi, chumba cha wageni," alisema Ambakisye. "Si ndiyo, bosi?"

Mwakalinga akaitikia shingo upande. "Ndiyo."

"Vizuri. Nitarudi bila taarifa, nimkute kila mmoja pake."

Jioni Ambakisye alijinyoosha kitandani. "Bosi, punguza redio, wageni tumelala!"