Kibubu cha Sikudhani

Sikudhani, mkaanga mihogo, alikuwa anadaiwa elfu themanini na Bwana Shomvi, tajiri wa mtaa. Asubuhi moja Shomvi alikuja kubeba kitanda chake.

"Niachie kitanda, baba," Sikudhani alisema, akamwonyesha kibubu cha akiba yake kilichokaa kwenye sakafu ya udongo. "Hiki kikijaa, kivunje, pesa zote zilizomo ni zako. Ila kwetu kibubu hakivunjwi wala hakisogezwi kabla hakijajaa."

Shomvi alikitazama: kidogo kama tofali. Akadumbukiza noti mbili ili kijae upesi. Kesho yake akaja na mfuko wa sarafu. Wiki ya tatu aliuza baiskeli, pesa yote akaitumbukiza humo.

"Bado tu?" aliuliza, jasho likimtoka.

"Bado kidogo, baba. Ongeza."

Mwisho wa mwezi Sikudhani alimlipa elfu themanini kamili. Shomvi akachana hati ya deni, kisha akakikwapua kibubu. Hakikuwa na kitako. Chini yake palikuwa na shimo, na shimoni mtungi mtupu.

"Pesa zangu ziko wapi?"

"Nyingine umezishika mkononi, baba. Zilizobaki nimeziweka akiba ya dharura. Nasikia umeuza baiskeli. Nikukopeshe?"