Kwa Nini Mpingo Umeficha Weusi Wake

Wakati miti bado ilikuwa inasikia yanayosemwa chini yake, mpingo ulikuwa mweusi kuanzia gome mpaka kiini. Ulikuwa umenyooka, na mtu akisimama bondeni aliuona kule juu kama mstari wa makaa. Kuutafuta hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa kujua unafaa nini, kwa sababu mafundi wa zeze wa upande huo wa Ruvuma walikuwa na tabia moja mbaya: hawakusema kweli kuhusu mti.

Fundi akiona mti mzuri mbele ya wenzake aliutukana. Alisema una sauti ya chungu kilichopasuka, akapita akijikuna, kisha akarudi peke yake na shoka. Wenzake wakagundua, wakawa wakisikia tusi wanaukimbilia mti uliotukanwa. Basi wajanja wakaanza kutukana miti mibaya kweli, ili wenzao wabebe magogo ya bure. Ikafika mahali hata aliyetoa tusi hakukumbuka kama alikuwa anadanganya. Kila mtu alirudi nyumbani anacheka, na kila mtu amebeba kuni.

Katikati ya watu hao akaingia Chitanda, aliyetoka ng'ambo ya mto, ambako mti mbaya uliitwa mbaya. Alikuwa amemwoa Namwela, na kama desturi ilivyotaka alihamia kwa kina mkewe kuwafanyia wakwe kazi. Alilima, akajenga ghala, akachimba shimo la maji. Likabaki jambo moja. Mama mkwe, Bi Nankondo, alitaka zeze litakalopigwa uani na kusikika mpaka shamba la ng'ambo ya bonde. Likisikika, Chitanda ni mkwe. Lisiposikika, atakunja mkeka wake arudi kwa mama yake, na Namwela ataolewa na mwingine. Hakuna aliyeona huo kuwa ukatili. Nyumba ilikuwa na vinywa vingi na haikuweza kulisha mtu asiyejua kazi.

Kaka zake Bi Nankondo, Ntale na Kalembo, walikuwa mafundi wa siku nyingi. Wakamchukua Chitanda porini. Walipofika kwenye mpingo, Ntale akaupiga teke.

"Huu usiusogelee, mkwe," alisema. "Ukiuchonga zeze, mbuzi watadhani unawakoholea."

"Hata moto ulishaukataa," akaongeza Kalembo. "Ulianza kuuchoma, ukaona uvivu, ndiyo maana umeubakiza mweusi."

Mbele kidogo wakakuta msufi. Wakaupapasa, wakausifu, wakasema mtu wa pwani akiusikia atauliza arusi iko wapi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Chitanda naye akacheka, kwa adabu, kisha akaukata msufi. Ntale alidhani kijana anaendeleza utani. Kalembo alidhani ni mjanja, atarudi baadaye kuufuata mpingo. Kila mmoja akangoja mwenzake aseme, na gogo likabebwa hadi nyumbani.

Msufi ni laini, ulichongeka upesi. Bi Nankondo akavuka bonde, akakaa shambani, akatega sikio. Chitanda akapiga mpaka vidole vikavimba. Mama mkwe akarudi jioni. Hakumsemesha yeye, kwani mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaulizani kitu. Alimsemesha binti yake, kwa sauti ya kumfikia mkwe.

"Mwulize mumeo kama hili ni zeze au mto wa kulalia. Kama ni mto, nashukuru, shingo inaniuma. Zeze bado nalingoja, ila mvua zikianza sitalingoja tena."

Chitanda alimwuliza mkewe wale wajomba walikuwa na maana gani.

"Wakiutukana mti, ni mzuri," alisema Namwela huku anapepeta mtama. "Ila wakijua kwamba unajua, ni mbaya."

"Sasa wanajua kwamba najua?"

"Sijui. Kwani wewe unajua?"

Asubuhi Chitanda akachukua shoka, akaenda peke yake. Alikuwa amechoka kubahatisha maneno ya watu, kwa hiyo akaona heri auulize mti wenyewe kama ni mzuri au mbaya.

"Sijui," mpingo ukasema. "Ntale akija na wenzake ananiita kuni. Akija peke yake ananipapasa kama mtu anayechagua mbuzi. Juzi alikuja peke yake akanitukana vilevile, na hapakuwa na wa kumdanganya. Nilidhani wewe umekuja kuniambia."

"Nimekuja kuuliza," alisema Chitanda. "Nikikosea safari hii, sina mke."

Ndipo Chitanda akaligeuza shoka, akaugonga mpingo kwa upande butu. Mlio ukashuka bondeni, ukapanda upande wa pili, ukarudi. Akakigonga kisiki cha msufi. Hakikujibu kitu. Hakuwahi kugonga siku ile ya kwanza kwa sababu watu walikuwa wanacheka.

"Wewe ni mzuri," alisema.

Mpingo haukufurahi. Sasa ulielewa yale mapapaso. "Basi watanimaliza."

"Ndiyo," alisema Chitanda, maana alizoea kusema kweli.

Mti ukampa tawi lake kubwa, ukamwomba asimwambie mtu. Alipoondoka ukauvuta weusi wake ndani, kama mtu anayeingiza mikono kwenye nguo wakati wa baridi. Nje likabaki tabaka jeupe, na gome likawa la kijivu. Kwa kujivuta vile ukapinda, na pengine ndani pakabaki uwazi mtupu. Mipingo mingine ikafanya vivyo hivyo. Ilipokwisha kujificha, ikaziba masikio.

Lile tawi lilimlia makali ya tezo. Alinoa, akachonga, akanoa tena, na zeze likaisha mawingu yakiwa yameshaanza kukusanyika. Bi Nankondo akavuka bonde. Chitanda akapiga. Mama akarudi polepole, akakaa, akanywa maji, akalichukua zeze akaliweka mapajani.

"Mwambie mumeo hili zeze ni baya," alisema. "Baya kama hili sijapata kusikia."

Ntale akasema ni baya kweli. Kalembo akasema ni baya mno. Hawakucheka. Chitanda hakuweza kumtazama mama mkwe usoni, akaanza kukunja mkeka. Namwela alisimama na mwiko mkononi, hajui kama alie.

"Anakwenda wapi na mkeka?" Bi Nankondo alimwuliza binti yake. "Mwambie kesho tunaanza kulima." Ntale akanyoosha mkono aonyeshwe zeze. Dada yake akamnyima.

Chitanda akautandika mkeka. Alizeeka katika nyumba ile, akazaa, akazika, na hakuna aliyewahi kumwambia kama zeze lilikuwa zuri.

Na tangu siku hiyo mpingo ni mweupe kando na mweusi katikati, umepinda, na hakuna ajuaye una kiini au una shimo mpaka uanguke. Wachonga magita wa leo huugonga kwanza kwa upande butu wa shoka, na wakipata mlio mzuri hutukana. Mti hausikii tena. Wanaosikia ni mafundi wenzao, na hao mpaka leo hawajui waondoke au wabaki.